Mama Mjamzito na Macho Yake: Lini Angoje, Lini Akimbizwe Hospitali

Akina mama wengi wakishika mimba huona mambo mageni machoni. Mmoja anashona nguo ya mtoto, uzi unakataa kuingia kwenye sindano. Mwingine akifungua kitabu jioni, maandishi yanacheza. Wa tatu anateka maji, akiinua kichwa anaona vinyota vinametameta mbele yake, na kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Wote watatu wakiuliza majirani wanapewa jibu moja: "Ni mimba tu hiyo, itaisha ukijifungua."

Kwa wale wawili wa kwanza jibu hilo ni sawa. Kwa yule wa tatu linaweza kumwua. Tunaomba kikundi kisome habari hii kwa pamoja, na wanaume wawepo, kwa sababu katika nyumba nyingi wao ndio wanaoshika pesa ya nauli.

MABADILIKO YA KAWAIDA

Mwili wa mama mwenye mimba huweka maji mengi kuliko siku zote. Ndiyo maana pete inabana na ikifika jioni viatu vinakataa kuingia. Jicho nalo ni sehemu ya mwili. Kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho wataalamu hukiita konea, hunenepa kidogo sana na umbo lake hubadilika kiasi. Basi mwangaza ukiingia hauangukii pale pale ulipozoea, na mama anaona vitu vina ukungu. Anayevaa miwani huona kama miwani yake imezeeka ghafla. Wale wachache wanaovaa lenzi zinazowekwa juu ya mboni huziona zinakwaruza.

Kuna pia macho kukauka. Homoni za mimba hupunguza machozi kwa akina mama wengine, na jicho kavu huwasha, huchoma na kuwa jekundu. Moshi wa kuni huongeza taabu. Apikie mahali penye hewa, na apumzishe macho. Lakini asitiwe kitu chochote machoni kwa ushauri wa jirani: si maji ya majani, si maziwa ya mama mwingine, si maji ya sukari, wala dawa iliyobaki ya mtoto wa dada yake. Macho yameharibiwa na "dawa" za namna hii yaliyokuwa mazima kabisa. Akienda duka la dawa, jambo la kwanza aseme ni mjamzito.

Mabadiliko haya hurudi yenyewe baada ya kujifungua, kwa wengi katika wiki chache, kwa wengine miezi michache. Kwa hiyo si busara kukimbilia miwani mipya ukiwa na mimba ya miezi saba. Miwani ni pesa, na mtoto akishazaliwa utaiona haikufai. Ngoja kwanza. Ikiwa huwezi kabisa kufanya kazi yako, hapo mwone mtaalamu wa macho umweleze hali yako.

Tuguse jambo lingine kwa haraka. Wako akina mama wanaoambiwa kwamba mtu asiyeona mbali asisukume mtoto, eti jicho litapasuka. Si hivyo. Wanawake wengi wenye miwani minene huzaa kwa njia ya kawaida bila shida. Ila aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa macho, au mwenye presha ya macho anayetumia dawa za matone, amweleze nesi tangu siku ya kwanza ya kliniki. Matone mengine hayafai kwa mimba, na kuyaacha ghafla nako kuna hatari. Daktari ndiye wa kubadilisha.

"AMEKUWA KAMA KUKU"

Yuko mama ambaye mchana anaona sawasawa, lakini jua likizama anajikwaa kwenye kigoda ambacho wenzake wanakiona. Watu humcheka kwamba amekuwa kama kuku. Huyo huenda amepungukiwa na vitamini A. Hali hii hutokea zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, mtoto anapokua kwa kasi na kuchukua chakula kingi kutoka kwa mama.

Dawa kubwa iko shambani: viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, maembe, mapapai, malenge, na mboga za majani kama sukuma wiki, terere, managu na majani ya kunde. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huingia mwilini pamoja na mafuta. Mayai na maziwa husaidia pia. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia na unga wa pakiti viongezwe virutubisho, lakini mahindi unayosaga mwenyewe kwenye kinu cha posho hayaongezwi chochote. Hatusemi uache kinu. Tunasema usitegemee ugali peke yake.

Na mtu asikimbie kununua vidonge vya vitamini A. Ikizidi humdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya kwanza. Hata maini, ambayo yana vitamini hiyo kwa wingi sana, mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku. Asiyeona jioni aseme kliniki, apimwe na apewe kiasi kinachofaa.

SUKARI NA DAMU

Mama ambaye alikuwa na ugonjwa wa sukari kabla ya mimba yuko katika kundi la pekee. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na mimba huweza kuharakisha uharibifu huo, wakati mwingine bila mama kuona tofauti yoyote mwanzoni. Huyu anatakiwa kuangaliwa nyuma ya jicho kabla ya kushika mimba, au mapema katika miezi mitatu ya kwanza, na kurudia kama atakavyoambiwa. Mama ambaye sukari yake imepanda kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kwa kawaida hapati uharibifu huo, ingawa anaweza kuona ukungu sukari ikiwa juu. Afuate matibabu.

Upungufu wa damu nao huleta giza la ghafla mama anaposimama, pamoja na kizunguzungu na kuhema akipanda mlima mdogo tu. Vile vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki wanavyopewa kliniki vina kazi yake. Tunajua vinafunga choo na kuleta kichefuchefu, na tunajua vingine huishia juu ya kabati. Ukivimeza baada ya chakula cha jioni utavumilia vizuri zaidi. Usivinywe na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

SASA YULE MAMA WA TATU

Vinyota machoni, mwangaza unaowaka na kuzima, ukungu uliokuja ghafla, kuona kitu kimoja kama viwili, sehemu ya mbele kuzibwa na doa jeusi, au kutoona kabisa. Haya yakitokea baada ya wiki ya 20, yaani karibu miezi mitano, fikiria presha ya mimba kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Na likiwepo moja tu kati ya haya mengine, usingoje hata kupika chakula: kichwa kinachouma sana na hakisikii Panadol, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, kuvimba uso na mikono, kukojoa kidogo sana, kuhema kwa shida. Miguu kuvimba peke yake ni kawaida kwa wajawazito wengi. Uso ukivimba hadi macho yanaonekana madogo, hiyo si kawaida.

Kwa nini macho? Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto. Mapema katika mimba, mishipa ya kondo hilo kwa akina mama wengine haijengeki vizuri. Baadaye kondo linatoa vitu kwenye damu ya mama ambavyo vinaumiza mishipa yake mwili mzima. Figo zinaanza kuvujisha protini, ndiyo maana nesi anaomba mkojo. Ini linavimba, ndiyo yale maumivu chini ya mbavu. Mishipa ya nyuma ya jicho inakaza, na pengine maji yanajaa pale chini ya retina. Na ubongo unaweza kuvimba, hasa sehemu ya kisogoni, ambayo kazi yake ni kutambua kile jicho linachokiona. Kwa hiyo mama anaweza kupoteza kuona wakati macho yenyewe hayana kasoro. Ukimpeleka kwanza kwa mtu wa miwani, atamulika jicho na huenda asikute kitu, na saa zimepotea. Mahali pake ni hospitali inayozalisha.

Vinyota hivyo ni onyo kwamba ubongo umeanza kuguswa. Hatua inayofuata inaweza kuwa degedege, ambalo tunaliita kifafa cha mimba. Hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Sensa ya 2019 ilikadiria kwamba Kenya hufiwa na akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na presha ya mimba ni mojawapo ya sababu kubwa, pamoja na kutokwa damu.

Mama anayeanguka kifafa hiki hajarogwa, wala hana pepo, na hakumkosea mama mkwe. Maombi ni mema, lakini yafanywe ndani ya gari mkiwa njiani.

Presha yenyewe haiumi. Mama anaweza kutembea nayo wiki nzima akilima na kucheka. Ndiyo sababu kliniki ina maana hata kwa yule anayejisikia mzima. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kutoka ziara nne hadi nane, ya kwanza kabla wiki 12 hazijaisha. Kila ukienda, uliza namba zako zote mbili na uhakikishe zimeandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Zikifika 140 juu au 90 chini, hiyo imepanda. Zikifika 160 juu au 110 chini, huo ni moto. Mkojo usipopimwa, uliza kwa heshima ni kwa nini. Una haki ya kuuliza.

Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, msichana mdogo, mama aliyepita miaka 35, mwenye unene mwingi, mwenye presha, sukari au ugonjwa wa figo tangu zamani, na yule ambaye mama yake au dada yake alipata hali hii. Juu ya wote ni yule aliyewahi kuipata mwenyewe. Kuna akina mama ambao daktari huwaanzishia aspirini kidogo kila siku baada ya wiki ya 12 ili kupunguza hatari, na wengine hupewa kalisi ikiwa chakula chao hakina ya kutosha. Hizi si dawa za kujinunulia. Ni maswali ya kwenda nayo kliniki mapema, maana ukienda mara ya kwanza ukiwa na miezi saba, wakati wake umepita.

HOSPITALI WATAFANYA NINI

Watapunguza presha kwa dawa. Pia watamchoma sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo huzuia degedege. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu. Mama atasikia joto mwilini na sindano itauma. Asiogope. Kituo kidogo kinaweza kuanza sindano hiyo kabla ya kumpeleka hospitali kubwa, kwa hiyo wahudumu wakimwanzishia hapo hapo msiwaharakishe waache.

Lakini ugonjwa wenyewe huisha kondo likishatoka. Mara nyingine madaktari husema mtoto azaliwe kabla ya wakati, na familia inakataa kwa kumhurumia mtoto. Hapa tunasema wazi: wasikilizeni. Mtoto wa miezi minane aliye na mama ana nafasi nzuri kuliko mimba inayosubiriwa ifike miezi tisa huku mama anakufa.

Na macho je? Kwa wengi kuona hurudi ndani ya siku au wiki chache baada ya kujifungua, hata kwa aliyekuwa haoni kabisa. Wachache hubaki na kasoro, hasa waliochelewa.

KAZI YA KIKUNDI

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mzazi huponzwa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ile ya tatu iko mikononi mwa hospitali na serikali. Zile mbili za kwanza ziko kwetu.

Kuchelewa kuamua ni kule kungoja mzee arudi kutoka sokoni, au kumpigia simu aliye Nairobi na simu yake haishiki. Mume na mke wakubaliane mapema, mbele ya mashahidi wa kikundi ikibidi: zikionekana dalili hizi, mama anaondoka bila kungoja ruhusa ya mtu.

Kuchelewa kufika ni nauli. Piga hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki pembeni ya merigoraundi, hupata 400 kwa wiki. Katika miezi mitatu ni 5,200. Pesa hizo zishikwe na watu wawili wanaokaa kijijini, zisikopeshwe kwa karo wala mazishi. Namba ya mwenye gari iandikwe mahali wote wanapoiona. Pikipiki ni ya haraka, lakini mama akishikwa na kifafa juu yake ataanguka barabarani, kwa hiyo gari kwanza. Mjue pia ni hospitali gani karibu nanyi inafanya upasuaji usiku, msije mkampeleka mahali halafu mkaambiwa mwende kwingine. Na kwa kuwa NHIF iliondoka mwezi Oktoba 2024 na SHA ikachukua mahali pake, kila mama ajiandikishe sasa, asingoje uchungu.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya wanaotembelea nyumba zetu, ambao siku hizi huitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, walianza kupewa mikoba yenye vifaa, kikiwamo kipimo cha presha. Muulizeni wa kijiji chenu kama anacho na kama kinafanya kazi. Mkipima, mama akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asipimwe akiwa ametoka kubeba mtungi. Jambo moja msilisahau: kipimo kikionyesha namba nzuri na mama bado anaona vinyota na kichwa kinamwuma, aaminiwe mama, si mashine. Aende.

Akishikwa na degedege kabla hamjafika, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumwumiza. Msimtie kijiko mdomoni, msimfunge kamba, msimnyweshe chochote. Likipita, mwacheni kwa ubavu huo huo na mwendelee na safari.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Wengi hufikiri mtoto akishalia hatari imekwisha. Siyo. Presha hii inaweza kupanda baada ya kuzaa, hata kwa mama ambaye mimba yake yote ilikuwa sawa, na inaweza kutokea hadi wiki ya sita. Wakati huo kila mtu anamwangalia mtoto, na mama akisema kichwa kinamwuma na haoni vizuri anaambiwa ni kukosa usingizi. Anayekuja kumwogesha mtoto amwulize mama pia: kichwa je, macho je? Dalili ni zile zile, na safari ni ile ile.

Aliyepata presha ya mimba apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka hata mtoto akiwa shuleni, kwa sababu yuko karibu zaidi kupata presha ya kudumu kuliko wenzake. Akishika mimba nyingine aende kliniki mara tu anapojua, abebe kijitabu cha zamani, aseme: "Mara ya kwanza niliona vinyota." Na yule ambaye macho yake hayajatulia miezi mitatu baada ya kuzaa, huyo ndiye sasa wa kwenda kupimwa miwani.